Gemu Walizoniletea Msimu wa Tende

3 Oktoba

Mimi Hafnawi bin Salah wa Degash, kusini mwa Tunisia, naandika haya kwa mkono wangu wa kulia na akili zangu zote zipo. Naandika ili siku wakisema, "Mzee, hatukusema hivyo," nifungue niwasomee. Herufi zangu ni kubwa na zimepinda, lakini zinasomeka. Na waliosoma kunizidi, yupi kati yao aliyekata tende kwenye mtende mrefu kuliko niliokata mimi? Nasubiri jina.

Liandikwe kwanza hili: msimu huu napanda. Napanda juu ya Mjane, mtende wetu mrefu kupita yote, ule aliouotesha babu yangu. Mimi ndiye wa juu kabisa, na mundu ni wangu.

Pili. Mkono wangu wa kushoto hauumwi. Kiangazi jua lilinigonga nikaanguka kando ya mfereji, mkono ukalala. Daktari ana jina lake la jambo hilo. Mimi nasema umelala, na kilicholala huamka.

Tatu. Leo mkwe wangu Tijani, mume wa binti yangu Jalila, ameingiza sebuleni mashine ya gemu na kuiunga kwenye televisheni. Alikuwa anatabasamu tangu mlangoni. Mtu aliyebeba mzigo hatabasamu hivyo bila sababu.

4 Oktoba

Mpira wa raba niliopewa na yule binti wa mazoezi wa hospitali nimemtupia mbuzi. Mbuzi naye ameukataa.

5 Oktoba

Jalila ameniketisha mbele ya televisheni kama mtoto anayetaka kunyolewa.

"Vidole vinataka kazi, baba. Mpira hukuutaka. Basi cheza."

"Vidole vyangu vina kazi. Iko juu ya Mjane."

"Cheza kidogo kila siku mpaka mavuno."

"Na mavuno yakifika napanda?"

Akamwangalia mama yake. Mke wangu Mabruka alikuwa anachambua dengu. Akazidi kuchambua.

"Tutaona," akasema Jalila.

Tutaona. Hilo ndilo neno la wanunuzi wa tende wanapokuwa wameshakubaliana bei nyuma ya mgongo wako.

Gemu yenyewe ni ya matofali. Yanashuka kutoka juu, moja moja, kila moja na umbo lake, nawe unayageuza na kuyapanga yasiache pengo. Mstari ukijaa unatoweka. Nilielewa kabla hawajamaliza kunieleza. Nimepanga tende kwenye maboksi maisha yangu yote, na boksi nililopanga mimi ukilitikisa halitoi sauti. Tijani alipocheza aliacha mapengo kama kinywa cha bibi yake. Nimemshinda.

Lakini nina lawama. Ukipanga vizuri, kazi yako inafutika. Ukikosea, kosa linabaki pale, linapanda mpaka likuzibe pumzi. Aliyeitunga gemu hii amewahi kuishi nyumba moja na wakwe.

Nilipomaliza Jalila akapiga picha ya matokeo kwa simu.

"Unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Kumbukumbu tu."

"Picha ya kumbukumbu watu huvaa vizuri kwanza."

Akacheka.

9 Oktoba

Anga safi. Tende zinaanza kuwa na rangi ya asali, ukishika moja juani unaiona mbegu ndani.

Leo gemu ya magari. Barabara ya kando ya bahari, nyororo, hakuna punda, hakuna askari, hakuna hata muuza chai. Barabara isiyo na mtu kando yake ina jambo, kwa hiyo nikaenda polepole. Wengine wote wakanipita.

"Baba, haya ni mashindano," akasema Tijani.

"Waache watangulie. Tuone kitakachowapata."

Hakikuwapata kitu. Nami nilipoongeza mwendo gari likaanza kuvuta upande, likaingia ukutani. Nikalitoa, likarudi ukutani kama ng'ombe aliyezoea zizi. Kishikio kimeharibika. Kile kijiti cha kushoto, kinachosukumwa na dole gumba, kimelegea. Nikamwambia Tijani. Akasema, "Labda."

Mkweli husema ndiyo au hapana.

10 Oktoba

Wingu moja juu ya uwanda wa chumvi. Limepita. Mundu wangu haupo kwenye msumari wake.

11 Oktoba

Mundu umerudi. Mabruka anasema aliupeleka kunolewa. Nimeupitishia kidole: butu vilevile.

14 Oktoba

Leo wamenivika nguo za askari wakanipa bunduki. Mbele yangu alisimama askari mwenzangu, mkubwa, mwenye ndevu, ananipungia mkono na kusema maneno ya Kifaransa.

"Anasema umfuate," akatafsiri Tijani. "Anaijua njia."

"Ameijuaje, na mji wenyewe ndiyo kwanza tunaingia?"

"Ndivyo gemu ilivyo. Huyo ni mwenzako."

"Jana alikuwa wapi?"

Nikampiga risasi yule mwenye ndevu. Televisheni ikawa nyekundu, ikaandika kwamba nimeshindwa. Tukaanza upya, naye akatokea tena, mzima, ananipungia mkono uleule, hana kinyongo hata kidogo. Mtu uliyempiga risasi akirudi kwako bila kinyongo, huyo wa kumwogopa. Nikampiga tena.

"Baba, hivi hatutafika popote."

"Yule anafanana nawe."

"Mimi sina ndevu."

"Kwa tabia."

Mabruka alicheka mpaka akaenda kunywa maji. Mimi sikuwa natania.

17 Oktoba

Gemu ya mpira wa miguu. Hapa lazima niandike desturi yetu, la sivyo atakayesoma atadhani mimi ni mjinga.

Kwetu tende nzuri haitupwi chini, maana ikianguka inapasuka. Wanaume hupanga safu kwenye shina la mtende, mmoja juu ya mwenzake, miguu mitupu juu ya magutu ya makuti yaliyokatwa. Mkataji wa juu anakata kichala na kumshushia wa pili, wa pili anamshushia wa tatu, mpaka chini. Anayetoa husema, "Bismillahi," lakini haachii. Anayepokea akishakamata husema, "Nimeshika." Hapo ndipo wa juu huachia, hata bila kuangalia. Kichala kina uzito wa mtoto mchanga na zaidi. Kikimwangukia mtu kichwani, ataanguka na wote walio chini yake. Baba yangu alisema mwanamume anaweza kudanganya sokoni, na nyumbani ikimlazimu, lakini neno hilo halidanganywi.

Basi mpira ukafika kwa mchezaji wangu. Kulikuwa na mwenzake mbele. Nikasema, "Bismillahi." Yule hakusema kitu. Sikuachia. Wakaja wakaninyang'anya. Mara ya pili vilevile, na ya tatu.

"Baba, toa pasi tu."

"Hajasema ameshika."

"Hawezi kusema, ni picha."

"Basi asipewe."

Nimefungwa mabao mengi kwa sababu ya adabu. Na kijiti cha kushoto bado kibovu: nikitaka aende mbele, mchezaji wangu anatembea kama mlevi anayetafuta ukuta.

19 Oktoba

Gemu ya shamba. Imeniudhi kuliko zote. Unamwaga mbegu, unalala, unaamka, unavuna. Maji hayaishi. Hakuna zamu ya mfereji, hakuna jirani wa kukuibia zamu. Nikamwuliza Jalila ni mwezi gani tunapandisha ua la dume kwenye mtende jike. Akasema hakuna mitende.

Shamba lisilo na mtende wala jirani ni shamba la mtu asiyewahi kulima. Wanataka nilizoee hili nisahau langu. Nimeling'amua.

Lakini kuna kuku mmoja mweupe aliyenifuata kila nilipokwenda. Nilimkataza Jalila asizime mpaka nimfungie bandani.

20 Oktoba

Mikono ya Tijani ina mikwaruzo. Yeye kazi yake ni kupima mizani kwenye ghala la tende, kwenye ubaridi, amevaa koti. Mizani haina miiba.

"Nini hicho?"

"Paka, baba."

Hatuna paka. Ile ni mikwaruzo ya makuti, naijua kama uso wangu.

23 Oktoba

Nimekataa kucheza mpaka nibadilishiwe kishikio. Tijani akanipa cha kwake, akachukua changu. Gari lake likaenda sawa, langu likaingia ukutani. Nikasema amekitengeneza changu kwa siri na kukiharibu cha kwake. Akaenda kuazima cha tatu kwa mfanyakazi mwenzake. Nacho kibovu, kijiti kilekile cha kushoto. Basi kiwanda kizima hakijui kazi.

Tijani alikuwa anaangalia zulia. Jalila akaanza kusema kitu, mama yake akamgusa goti.

Nimeliona hilo goti.

25 Oktoba

Mawingu asubuhi. Redio inasema mvua inaweza kuja mapema mwaka huu. Tumekuwa tukivifunika vichala kwa plastiki. Mvua ikiingia kwenye tende zilizoiva, zinachacha zikiwa juu ya mti. Watu wameanza kuwahi kuvuna.

Nilikuwa kwenye gemu ambayo mtu anavuka daraja jembamba juu ya korongo. Ametumbukia tena na tena. Nikakitupa kishikio kwenye mto wa kukalia, nikasema kampuni iliyokitengeneza ifungwe.

Mabruka alikuwa anapita na birika la chai. Akaliweka chini, akafuta mikono kwenye nguo, akakiokota. Mabruka hajawahi kugusa kitu hicho. Akamwuliza Jalila, "Unasukuma hiki?" Akasukuma. Yule mtu akatembea katikati ya daraja, akafika ng'ambo, akasimama.

"Sasa anafanya nini?" akauliza.

Akakirudisha kwenye mto taratibu, akamimina chai.

26 Oktoba

Leo sina la kuandika.

29 Oktoba

Nimemkamata.

Alasiri Tijani alisema anakwenda ghalani. Siku ya Jumapili, ghala limefungwa. Nikamwachia nafasi, nikachukua njia ya mfereji. Hakwenda ghalani. Aliingia bustani ya Larusi, binamu yangu, mtu ambaye tangu tukiwa watoto wa chuo cha Kurani anasema yeye ni mkataji kunizidi mimi, na hakuna anayemwamini ila punda wake.

Nikachungulia penye uwazi wa ua wa makuti. Larusi amesimama chini na chai yake, na mkwe wangu yuko juu ya mtende, peku, amelikumbatia shina kama mtoto kwenye mguu wa mama.

Niliingia. Larusi hakushtuka.

"Karibu, Hafnawi. Umekuja kuona tende zinavyofanana zikitunzwa?"

"Nimekuja kumwona mwizi juu ya mtende wa mwizi."

"Baba," ikaja sauti kutoka juu, "nashuka."

"Shuka."

Akaanza. Mguu wake wa kushoto ukawa unapapasa hewa.

"Hapo hapana gutu, mpumbavu wewe," nikamwambia. "Kulia kidogo. Chini. Hapo. Sasa weka uzito. Usiangalie chini, angalia shina."

Akashuka salama. Ana bahati alikuwa na fundi wa kweli karibu. Akasimama mbele yangu.

"Kwa hiyo ndivyo," nikasema. "Mimi mnanikalisha na kuku wa televisheni, wewe unajifunza kunikalia mahali pangu. Mundu mmeuficha. Matokeo yangu mnayapiga picha."

"Picha zinakwenda kwa binti wa mazoezi," akasema. "Hilo ni kweli. Aliziomba."

"Nilijua."

"Lakini mahali pako sipataki, baba. Nikitazama chini sioni pa kuweka mguu. Nilikuwa najifunza kusimama wa pili."

"Wa pili ni wa nani?"

"Wako. Chini yako."

Nikamcheka. Wa pili wangu siku zote ni mwanamume aliyezaliwa kwenye mitende. Larusi akamwaga masalio ya chai mchangani.

"Nikueleze mimi, maana huyu anakuheshimu mno," akasema. "Nimewauliza watu wa safu, mmoja mmoja. Nikawaambia, Hafnawi atapanda, mnamjua, hata mkimfunga kamba atapanda nayo. Nani atasimama chini yake? Wanakupenda, binamu. Wanapenda na vichwa vyao. Mimi mwenyewe nilisema hapana. Huyu mpima mizani ndiye peke yake aliyesema ndiyo."

"Waongo nyote wawili."

"Sawa. Nenda kawaulize."

Sikwenda kuwauliza. Nimerudi nyumbani nikafunga mlango. Larusi amenidanganya tangu tulipokuwa tunaandika kwenye vibao vya mbao. Lakini Larusi akidanganya hujisifu humohumo, na leo amesema alikataa kwa woga. Hilo ndilo linalonisumbua. Uongo gani huo usiomfaidi anayeusema?

1 Novemba

Upepo kutoka chumvini. Sijacheza. Sijasema na mtu. Mabruka ameniletea mkate wa kujazwa vitunguu na pilipili, nimekula wote ili asidhani nimesusa.

2 Novemba

Tijani amekuja akaketi mbali kidogo, kama mtu anayekaa karibu na mbwa asiyemjua.

"Kuna gemu ya wawili," akasema. "Tucheze moja tu, kisha nitairudisha mashine."

Ni gemu ya jikoni. Wapishi wawili, mmoja huku na mmoja kule, katikati mto wa moto. Mmoja anapika, anampitishia mwenzake sahani juu ya moto. Anayepokea anabonyeza kitufe cha juu, upande wa kushoto, kwa kidole cha shahada, na kukibana hapo hapo. Akikilegeza, sahani inaanguka.

Ile ndiyo gemu ya kwanza niliyoiheshimu. Aliyeitunga anajua kazi.

Tijani alipika, akanyoosha sahani. "Bismillahi," akasema. Maana sasa anajua bila neno sichezi. Nikabonyeza.

"Nimeshika," nikasema.

Akaachia. Sahani ikaanguka motoni.

"Umewahi kuachia," nikamwambia.

"Samahani, baba. Bismillahi."

"Nimeshika."

Ikaanguka.

"Tena," nikasema.

Mara hii sikuitazama televisheni. Nilitazama kidole changu. Tijani akasema neno lake, nami nikabana kwa nguvu ambayo ingepasua lozi. Nilihisi nimebana. Naandika kama shahidi: nilihisi. Na kwa macho yangu nilikiona kidole kimelala juu ya kitufe kama mgeni aliyealikwa chai, hakibonyezi chochote. Ndani yangu kilikuwa kikiniambia, nimeshika, nimeshika.

Sikutamka neno. Tijani alisubiri, sahani mkononi. Mpishi wake amesimama mbele ya moto, haachii.

"Zima," nikamwambia.

Baadaye nilikaa uani. Nilikuwa nawachunguza wote nyumba hii, mundu, simu, goti la Jalila, mikwaruzo. Na mwongo alikuwa amelala ubavuni mwangu, nimemlalia kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kwenye bega langu.

Niliwaza vilevile hivi. Mkataji hukata kwa mkono wa kulia na kukishikilia kichala kwa wa kushoto. Chini yake amesimama wa pili. Kichwa cha wa pili kiko hapo hapo chini ya kichala.

3 Novemba

Hata hivyo mkono unaweza kuwa umeamka leo.

4 Novemba

Haujaamka. Nimebeba ndoo nusu ya maji na kuangalia mbele, sikuangalia chini. Nimelowa mguu.

7 Novemba

Mbingu imekuwa na rangi ya bati. Redio inasema kesho kutwa mvua. Nimetangaza: kesho tunavuna Mjane. Jalila akafungua mdomo.

"Nani atakuwa juu, baba?"

"Safu naipanga mimi," nikasema. "Kama kila mwaka."

Nimesikia wakinong'ona jikoni. Wanong'one.

8 Novemba

Naandika jioni, mvua inapiga bati la banda la mbuzi.

Asubuhi Mabruka alinikabidhi mundu mwenyewe.

"Umeupeleka kunolewa?" nikamwuliza.

"Safari hii nimeupeleka."

Nikaupima. Ungenyoa ndevu. Sijui kama kukata tamaa au kuniamini ndiko kulikomfanya aunoe. Nimeishi naye muda wote huo na uso wake bado ni mlango uliofungwa.

Bustanini walikuwa wamekusanyika. Larusi yupo, na wanaume wa safu, wote wamejishughulisha na kutazama vidole vya miguu yao. Turubai limetandazwa chini. Wingu limefika juu ya msikiti.

"Haya," nikasema. "Tijani wa pili, Larusi wa tatu, wengine mnajijua."

Wakanitazama. Larusi akasema, "Na wewe wa kwanza."

"Nani mwingine ana mundu?"

Tijani alivua viatu. Uso wake ulikuwa na rangi ya unga. Ndipo nilipomtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, nikitafuta ile hila. Alikuwa anaogopa sana, na alikuwa anakunja suruali ili apande.

Nilipanda. Asiyeamini awaulize waliokuwepo. Mtu hupanda kwa miguu, mikono hufuata tu, na miguu yangu haijawahi kulala hata siku moja. Nilikwenda taratibu, mkono wa kulia ukifanya kazi ya miwili, nikafika karibu na kichwa cha Mjane, mahali pa mtu wa pili. Hapo nikasimama. Nikaegemeza kifua kwenye shina.

"Tijani. Nipite."

"Baba?"

"Nipite, uende juu. Nataka kuona unavyokata. Kichala kimoja tu, nikupime."

Akanipita kwa upande, anapumua kama punda wa kilima. Nikamkabidhi mundu. Akaketi kati ya makuti, akashika kikonyo cha kichala cha kwanza, akakata vibaya, kama anayekata kamba ya meli. Lakini hakukiachia. Akakishusha mpaka usoni pangu, plastiki imeondolewa, tende zinang'aa.

"Bismillahi," akasema.

Nikauinua mkono wa kushoto. Nikakizungushia kikonyo vidole vyote. Mkono ukaniambia: nimeshika. Uliniambia wazi kabisa, kwa sauti ileile ya miaka yote, sauti niliyoiamini kuliko ya mke wangu. Nikaviangalia vidole. Vimezunguka vizuri. Vinapendeza. Hata macho yangu yalikuwa upande wake.

Chini yangu alikuwa Larusi. Chini ya Larusi wengine, na chini kabisa binti yangu kwenye turubai, ameinua uso.

"Bismillahi, baba," akarudia Tijani.

"Kuna nini huko juu?" akaita Larusi. "Mnaswali?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Limekaa mdomoni mwangu tangu nilipopata nguvu za kupanda.

"Sijashika," nikasema.

Halijawahi kusemwa juu ya Mjane.

"Sawa," akasema Tijani. "Mimi nimeshika. Hakiendi popote." Akakivuta juu tena, akakilaza mapajani, akasubiri kama ana siku nzima.

"Nashuka," nikasema. "Larusi apande hapa. Kazi iendelee, mvua haimngojei mtu."

"Nipe mguu," akasema Larusi.

"Mguu wangu si tende."

"Tende ingekuwa nyepesi. Sema neno, Hafnawi."

Nikasema, "Bismillahi." Nikahisi kiganja chake kwenye kisigino.

"Nimeshika," akasema. Akauweka mguu juu ya gutu. Kisha wa pili. Aliponifikisha mwisho wa mikono yake, kiganja kingine kikanipokea kutoka chini.

"Nimeshika."

Na kingine. "Nimeshika, mzee." Hivyo ndivyo nilivyoshuka, mkono kwa mkono, mpaka kwenye turubai, sijapasuka. Larusi alinibana kisigino kupita kiasi, na najua alikusudia. Mabruka alikuwa amesimama chini. Akauchukua mkono wangu wa kushoto na kuufunika kwa miwili yake. Sikuuhisi vizuri lakini niliuona.

Kisha nikaketi kwenye kreti nikaisimamia kazi. "Kata karibu na shina, Tijani! Hilo kuti litakutoboa jicho! Larusi, acha kupiga soga!" Sauti yangu ilisikika bustani tatu. Kichala cha mwisho kiliingia kwenye turubai na matone ya kwanza mgongoni mwake. Hakuna kilichoanguka. Iandikwe hivyo: hakuna kilichoanguka, na safu niliipanga mimi.

10 Novemba

Mvua. Bustani ya jirani wamepoteza nusu. Tijani anatembea kama mzee, mapaja yanamuuma. Nimemwambia ukataji wake ni aibu kwa ukoo, na kwamba mitende mifupi iliyobaki nitamfundisha nikiwa chini. Akasema, "Asante, baba." Asante hiyo ilikuja upesi sana. Namchunguza.

13 Novemba

Mvua. Jalila kauliza kama airudishe mashine.

"Iache."

"Kumbe unaipenda."

"Kuna kuku ndani yake. Nani atamlisha?"

Nimecheza gemu ya jikoni na Mabruka. Yeye anapika, mimi napokea. Akaisogeza sahani juu ya moto, akasema neno. Mkono wa kushoto ukasema umeshika.

Nikauambia: nionyeshe.